Mlinzi wa Mashine Isiyozinduliwa

Picha ile ilimfikia Walburga akiwa ameinama anadeki korido ya wodi ya wanaume. Simu ililia mfukoni, akajifuta mkono kwenye sare, akaifungua. Ilikuwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, lile waliloliita "Familia Yetu", maana hospitali ile haikukosa maneno matamu. Alikuwa ni mumewe, Thadei. Amekaa kwenye stuli yake mlangoni pa chumba cha mashine mpya, kofia ya ulinzi imeteremka hadi puani, mdomo wazi, udenda unamdondokea kifuani, na jua la saa nne asubuhi linamwakia usoni. Chini ya picha katibu wa hospitali, Bwana Edmund, alikuwa ameandika: "Ulinzi imara." Baada ya hapo vilifuata vikaragosi vya kucheka, vingine vinacheka mpaka machozi.

Jina la hospitali tuliache. Ipo Songea, ina geti la bluu, na ikitajwa itasema imechafuliwa, wakati anayeisafisha ni Walburga na ndoo yake.

Kabla ya saa sita akaitwa ofisini.

"Karibu, Mama Amedeus. Usikae, sitakuchelewesha," alisema Edmund.

Edmund huyu alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwao, palepale mtaani Mfaranyaki. Alipokuwa kijana alikuwa akimwamkia Walburga shikamoo tangu ng'ambo ya barabara. Alipopata kiti kinachozunguka, akahamia Ruhuwiko, na shikamoo ikamkauka mdomoni.

"Barua ya mzee hii hapa. Nilimpelekea mwenyewe, nikamkuta amelala tena."

"Katibu, Baba Amedeus anaumwa. Nilikwambia tangu mwezi uliopita."

"Anaumwa nini?"

"Hatujajua."

"Basi, mama, ugonjwa usiojulikana jina lake ni uvivu." Akaisoma barua kwa sauti, kana kwamba Walburga hajui kusoma. Thadei ameachishwa kazi kwa kosa la kulala mara nne bila sababu ya msingi, tena mbele ya mali mpya ya hospitali yenye thamani kubwa.

Thamani kubwa! Hapo ndipo mtu anapotamani kucheka akakosa pa kuchekea. Mashine yenyewe ilikuwa hadubini. Vijana wa chuo waliiunda kwa kamera ndogo kama ya simu, vitaa, lenzi na vipande vya plastiki, ili hospitali za wanyonge nazo ziweze kuona chembe za mwili zikiwa hai, tena kwa kina chake, tena upesi. Bei yake haikufikia ya bodaboda iliyotumika. Ukubwa wake ulikuwa wa cherehani ya mkono. Siku boksi lilipofunguliwa, Edmund alichungulia ndani, akauliza, "Nyingine inakuja lini?" Akaambiwa ndiyo hiyo hiyo. Uso ukamshuka.

Sasa mgeni rasmi atakatia utepe kitu cha namna ile? Edmund akaamuru makreti matatu ya soda yapangwe juu ya meza, mashine ikalishwe juu yake, na kitambaa cha bluu kifunike vyote mpaka sakafuni. Ikaonekana kabati. Utepe mwekundu ukafungwa katikati. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka izinduliwe, na mgeni rasmi aliahirisha safari mara moja, mara mbili, mara tatu. Wiki ya saba sasa. Thadei aliwekwa mlangoni kuilinda. Walburga yeye alipewa kazi ya kufua kitambaa kila Jumatatu, kukipiga pasi na kuufunga utepe upya, maana vumbi la Songea halina itifaki.

&nbsp;

Nyumbani alimkuta Thadei amekaa kizingitini, ameshika kiatu kimoja.

"Unakwenda wapi, Baba Amedeus?"

"Kazini."

"Kazi imekwisha. Barua hii hapa."

Thadei aliipokea, akaikunja vizuri mara nne, akaitia ndani ya kiatu, akalala palepale kizingitini. Huyu ni mtu aliyekaa mageti ya watu miaka ishirini bila kupotelewa hata na ndoo. Mwezi wa tatu alikwenda Namtumbo kukagua mizinga yake ya nyuki kule ukingoni mwa pori, akarudi na uvimbe mkononi na homa. Uvimbe ukapona, homa ikaja na kuondoka itakavyo. Kisha kichwa. Kisha usingizi huu wa ajabu, mchana kutwa anasinzia, usiku anazunguka chumbani anatafuta vitu asivyovijua. Juzi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kukunja uso.

Shemeji yake Walburga, Beda, alikuja jioni kutoa pole, na ushauri wa bure juu yake.

"Shemeji, tusifichane. Kaka anakunywa."

"Anakunywa na pesa ya nani?"

"Mlevi hakosi, shemeji."

"Ee, wewe ndiye wa kunifundisha habari za walevi! Kofia yako ya Pasaka mpaka leo iko kilabuni, wamezuilia mlango."

Beda akakohoa. "Basi amechezewa. Kuna mtu anamwonea wivu."

"Wivu wa nini, Beda? Wa stuli?"

Beda akamtazama kaka yake aliyelala amekumbatia kiatu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaingia hofu. Akamwinua, akamlaza kitandani, akaondoka bila kuomba chai.

&nbsp;

Alhamisi Walburga alimpakia mumewe bodaboda, akakaa nyuma yake kumzuia asianguke, wakaenda kupima mara ya nne. Dirishani pa maabara alikuwapo mzee Leodegari, mtu wa miaka thelathini kwenye kazi moja na hadubini moja. Alitoboa kidole, akasambaza damu kwenye kioo, akaikausha, akaipaka rangi, akainama dakika mbili, akaandika.

"Malaria. Wadudu wawili."

"Shikamoo, mzee. Mara ya kwanza ulisema wawili. Ya pili wawili. Ya tatu wawili. Hivi hawazaani hao?"

Foleni ikacheka. Mzee Leodegari hakucheka. "Mama, wewe ni wa usafi au wa maabara? Chukua dawa ya mseto dirisha la pili. Anayefuata!"

Walipotoka nje, binti mmoja aliwafuata mbio. Huyu alikuwa Lightness, mtaalamu kijana wa maabara, aliyepelekwa wiki mbili kujifunza ile mashine mpya kisha akarudi kukaa akiitazama ikiwa na utepe.

"Shikamoo, mama. Hili kovu la baba mkononi lilianzaje?"

"Inzi, mwanangu. Kule Namtumbo, kwenye mizinga yake."

"Inzi mkubwa? Akitua mabawa yanalaliana kama mkasi?"

"Hao hao. Ndorobo."

Lightness alishusha pumzi. "Mama, mimi naogopa ni malale. Ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na ndorobo."

"Unaogopa ya nini? Si ukapime?"

"Mzee anakausha damu na kuipaka rangi, na mdudu hapo ni maiti tayari. Tena anatafuta malaria peke yake, na anayetafuta malaria anaiona hata pasipokuwapo. Huyu wa malale anaogelea, mama. Leo wengi, kesho wachache. Kwenye damu mbichi ile hadubini ya zamani inaona utando mmoja tu wa tone, mdudu akipiga mbizi kidogo humwoni tena. Ile mpya inapitisha mwanga mwembamba kama karatasi ndani ya tone, inapiga picha utando kwa utando, juu mpaka chini, upesi kabla hajageuka. Halafu kompyuta inaziunganisha. Ni kama chungu cha maharage. Sisi tunaona yaliyo juu tu. Ile inaona mpaka ya chini kabisa, tena yakiwa yanachemka."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Na dawa?"

"Ipo mkoani. Lakini hawaitoi kwa kukisia, lazima mdudu aonekane."

"Tukichelewa?"

Lightness alimtazama Thadei, aliyekuwa amesimama anasinzia kama mbuzi kwenye mvua. "Anaingia kichwani, mama. Sijui kama hajaanza kuingia."

Walburga aliketi kwenye ukingo wa mfereji. Wiki saba mumewe alikaa ameegemea mlango wa jibu lake mwenyewe, akalilinda, na akafukuzwa kwa kulilinda vibaya. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Dakika tano!

&nbsp;

Edmund alikuwa amezungukwa na fulana. Nyekundu, bluu, kijani, zote zina picha ya kabati lenye utepe. Alikuwa anaamua rangi ipi itampendeza mgeni rasmi, na Walburga akasubiri amalize, amesimama, mikono nyuma.

"Katibu, naomba mashine impime Baba Amedeus. Dakika tano tu."

"Haijazinduliwa, mama."

"Si inafanya kazi?"

"Inafanya. Lakini haijazinduliwa." Alitamka taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto habari za moto. "Kuna itifaki."

"Basi siku ya uzinduzi awe yeye wa kwanza kupimwa."

"Mgonjwa wa mfano tunaye tayari. Ni mwanakwaya, ana meno mazuri, anapendeza kwenye picha. Mzee Thadei tumwachishe kazi kwa kulala, kisha tumpandishe jukwaani akalale mbele ya mheshimiwa? Mama, jamani!"

"Uzinduzi ni lini?"

"Ulikuwa keshokutwa. Mheshimiwa amepata safari. Labda mwisho wa mwezi."

"Katibu, atakufa."

"Sote tutakufa, mama. Lakini utepe huu ukikatwa kabla ya mheshimiwa, wa kwanza kufa ni mimi." Akanyanyua fulana ya kijani juu dirishani. "Hii unaionaje?"

Walburga alisema inafaa kufutia vioo, akatoka. Alijua ataletewa barua yake mwenyewe kwa jibu lile, na hakujali.

&nbsp;

Jumatatu asubuhi Thadei alifungua macho, akamtazama mkewe kwa heshima kubwa.

"Shikamoo, mama. Mbuzi umewafunga?"

Mama yake Thadei alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini. Walburga alisimama na kikombe mkononi. Hakujua aitikie au alie. Akaitikia, "Marahaba," maana mtu mgonjwa hanyimwi marahaba, kisha akaenda kazini na macho mekundu kufua kitambaa cha mashine.

Alikuwa anakipiga pasi ndipo ilipomjia, na ilimjia kwa aibu kuliko kwa furaha. Utepe ule ulikuwa umefunguliwa mara saba tayari. Kila Jumatatu. Na nani? Na yeye mwenyewe! Alikuwa akilegeza fundo, anauning'iniza kwenye msumari, anafua, anarudisha, na dunia haikupinduka. Katika hospitali nzima yenye madaktari na makatibu, kila mmoja alikuwa anasubiri mkasi, na kumbe ni fundo la kawaida, kama la khanga. Na yeye mwenyewe alikuwa mjinga kama wao, wiki saba. Akajitukana kwa sauti, akazima pasi.

Saa sita mchana kamati ya mapokezi iliingia kikaoni kujadili pilau. Kikao cha pilau hakiishi mapema. Walburga alimpigia Beda amlete kaka yake kwa mlango wa nyuma wa kufulia, kisha akamfuata Lightness.

"Chumba kiko wazi. Mashine iko uchi. Kitambaa na utepe viko kwangu."

"Mama, nitafukuzwa."

"Na mimi nitafukuzwa. Tutakaanga maandazi pamoja, hujui kukaanga nitakufundisha."

Binti akaja. Beda alimshika kaka yake mabegani. Tone la damu liliwekwa bichi kama lilivyotoka, halikukaushwa, halikupakwa kitu. Lightness akabonyeza, kijitaa kikawaka, mashine ikavuma kidogo kama nyuki aliyefungiwa koponi. Kwenye kompyuta zikajitokeza chembe za damu, maelfu, zimelala na kuegemeana kama sahani majini. Kimya. Hakuna kinachosogea.

Kisha chembe moja ikatikisika. Jirani yake ikatikisika. Kitu kinapita, kinazisukuma kwa mabega kama mtu anayepenya gulioni. Lightness akaizungusha picha, akailaza ubavu, wakalitazama tone kutoka pembeni, na hapo wakamwona wazi. Yuko chini kabisa, chini ya sahani zote, mwembamba, anajipindapinda, ubavuni ana utando unaopepea. Yuko hai. Hana haraka, amekaa ndani ya mume wa mtu kama mpangaji aliyelipa.

"Ndiye," alisema Lightness. "Mama, ndiye."

Walburga alidhani ataogopa. Hakuogopa. "Kumbe ni wewe, mshenzi mkubwa," alimwambia mdudu. Akafurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kama aliyemkamata mwizi wa kuku wake.

Thadei alifungua macho. "Samaki?"

"Si samaki, Baba Amedeus. Ndiye aliyekufukuzisha kazi."

Lightness akairekodi. Walburga akarudisha kitambaa kilichonyooka vizuri, akaufunga utepe fundo lilelile, akavuta ncha mbili zikalingana.

&nbsp;

Hawakuficha. Wangefichaje, wakati fomu ya kuombea dawa ilitaka muhuri wa hospitali? Lightness alibeba kompyuta hadi ofisini, akamwonyesha Edmund video. Mzee Leodegari alikuwa humo, ameketi na kikombe cha chai, ametoka kupitisha pilau.

Edmund aliitazama nusu. "Hii imetoka wapi?"

"Kwenye mashine, katibu."

"Mashine ipi?"

"Hiyo hiyo."

"Sikiliza, binti. Mashine haijazinduliwa. Mashine isiyozinduliwa haijaona kitu." Akasukuma fomu pembeni. "Muhuri wangu hauwezi kuthibitisha jambo ambalo kiserikali halijatokea. Na ninyi wawili mtajieleza kwa maandishi."

Walburga alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kucheka naye, maana mtu mzima hovyo namna hii hakuwahi kumwona. Hakuna aliyecheka. Mzee Leodegari alikuwa ameweka kikombe chini. Akaomba video irudiwe. Akaitazama hadi mwisho, akaomba tena. Kisha akainuka bila neno, akatoka.

Alimchukua Thadei maabara, akatoa damu, akatengeneza kioo kwa namna yake ya zamani, akajifungia. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Foleni dirishani ilipiga kelele, akaiacha ipige. Walburga alikaa sakafuni nje ya mlango. Saa tisa na robo mzee alitoka, jicho moja jekundu kwa kukandamizwa kwenye lenzi.

"Nimemwona," alisema. "Mmoja. Amekufa, lakini ni yeye." Akamkabidhi fomu aliyoijaza kwa mkono wake, na muhuri wa maabara umegongwa juu yake. "Jibu la mashine halina muhuri. La kwangu linao. Muhuri huu mganga mkuu wa mkoa ataupokea, haupiti kwa katibu."

"Ahsante, mzee."

"Mama... wale wadudu wawili."

"Achana nao, mzee."

"Hawakuwapo." Alitazama ukuta. "Mara zote nne. Niliona homa, nikaandika."

Walburga alikuwa na matusi ya miezi miwili tayari kinywani. Akaliangalia lile jicho jekundu, akayameza. "Kapumzike," alimwambia.

Dawa ilifika kutoka mkoani siku ya tatu.

&nbsp;

Thadei alilazwa. Walimtoboa uti wa mgongo kuchunguza maji yake, wakasema mdudu ameanza kubisha hodi kichwani lakini hajahamia. Alimeza dawa siku kumi, akatapika, akatukana watu asiowajua, akatulia. Wiki ya pili alimwita mkewe kwa jina lake. Asubuhi moja alionja chai, akakunja uso.

"Mama Amedeus, mbona hii haina sukari?"

Walburga aliketi kwenye kitanda cha jirani, akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amefariki.

Walikuwa wamerudi nyumbani siku tano, mkono wa kushoto wa Thadei ungali unatikisika kidogo, Edmund alipobisha hodi. Amekuja mwenyewe, na kilo mbili za sukari. Habari za mgonjwa aliyeokolewa zilikuwa zimemfikia mgeni rasmi, naye amependezwa, na sasa tarehe imethibitishwa. Mwanakwaya na meno yake hatakiwi tena.

"Tungependa mzee awepo. Akae pale mbele, Lightness aonyeshe ile video, kama vile ndiyo imepatikana siku hiyo hiyo. Baada ya utepe." Edmund alijikuna shingo. "Na kama mzee angeweza... kulala kidogo."

"Kufanya nini?"

"Kusinzia tu, mama. Mheshimiwa aone dalili."

Walburga alicheka. Alicheka akashika ukuta, majirani wakachungulia. "Jamani! Alipolala kwa ugonjwa mlimfukuza. Sasa amepona, mnamwomba alale!"

"Barua yake tutaifuta," alisema Edmund upesi, akatoa karatasi. Ilisema Thadei amesamehewa kosa la kulala kazini.

"Amesamehewa kosa lipi?"

"Ni lugha ya kiofisi tu."

"Andika alikuwa mgonjwa."

"Tutarekebisha baada ya shughuli, mama."

Thadei alinyoosha mkono wake mzima akapokea sukari. "Nitakuja," alisema. "Lakini kulala, hapana. Nimelala vya kutosha."

&nbsp;

Mahema peke yake yaligharimu kuliko mashine. Fulana zilikuwa za kijani. Ngoma ya lizombe ilipigwa tangu saa tatu, mgeni rasmi akafika saa nane, na wachezaji kufikia hapo walikuwa wanaburuza miguu tu. Ukakatwa utepe. Kitambaa kikavutwa. Watu wakaona makreti matatu ya soda na kijimashine juu yake, na mnong'ono ukapita, "Ndiyo hii?" Hata mgeni rasmi alimgeukia msaidizi wake kwa jicho la kuuliza. Lakini mtu aliyesafiri na hotuba harudi nayo nyumbani.

Akahutubia. Nusu saa ya historia ya afya. Nusu saa ya mafanikio. Jua likazunguka likaingia hemani upande wa meza kuu. Thadei alikaa safu ya mbele, mgongo wima, kofia ya ulinzi magotini, macho makavu, kazini. Walburga alisimama kando na trei ya mkasi. Ndipo alipomwona Edmund.

Alikuwa kwenye kiti cha tatu kutoka kwa mgeni rasmi, pembeni kabisa mwa mashine. Shingo imelegea, mdomo wazi, udenda unateremka taratibu kwenye tai. Walburga aliweka trei chini. Akatoa simu, akapiga picha, ikatoka safi kuliko ile ya kwanza. Akafungua "Familia Yetu". Kidole kikasimama.

Thadei alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, samahani kukukatisha," alisema kwa sauti ya mlinzi anayetoa taarifa. Hotuba ikakatika. "Katibu wetu amelala. Naomba apimwe damu. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Hema lote lililipuka kwa kicheko. Thadei hakucheka. Alimtazama Edmund kwa wasiwasi wa kweli, kama ambavyo hakuna aliyemtazama yeye wiki saba mlangoni. "Msicheke," alisema. "Ugonjwa huu unaua. Apimwe."

Mgeni rasmi, aliyehisi makofi ya hotuba yameanza kuchelewa, akapiga meza. "Sawa kabisa! Apimwe!"

Walburga alimtikisa Edmund bega. Akashtuka, akamwona mama mtu mzima amemwinamia, na mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete kidole."

Kidole kikatobolewa. Mashine ikavuma. Dakika tano watu wote walisubiri, mgeni rasmi amenyoosha shingo, mzee Leodegari ameshika kalamu na daftari jipya la vipimo, Edmund amejikunyata, rangi imemtoka. Lightness alilizungusha tone, akalitazama juu, ubavuni, mpaka chini kabisa. Chembe zilikuwa zimelala kwa amani. Akakigeukia kipaza sauti.

"Damu yake ni safi, mheshimiwa. Hana mdudu hata mmoja. Alikuwa amelala tu."

"Afadhali," alisema Thadei, akaketi, na uso wake ulionyesha amefurahi kweli.

Mzee Leodegari akaliandika daftarini, jibu la kwanza rasmi la mashine ile, akagonga muhuri. Walburga akaandika chini ya picha maneno manne ya ile barua iliyotiwa ndani ya kiatu cha mumewe, *bila sababu ya msingi*, akaituma.